Utitiri wa Mihogo: Adui na Mlinzi Wake

Somo kwa wakulima wa Masisi na Walikale

1. Sababu ya somo hili

Ninyi mnaokaa karibu na machimbo mnajua ya kuwa madini hayaliwi. Mtu aweza kupata mawe mazito huko Bisie au Rubaya, lakini jioni atatafuta bugali na sombe kama watu wote. Chakula hicho hutoka katika shamba la mtu aliyebaki kijijini, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke. Shamba lake likilegea, bei ya unga hupanda machimboni na kijijini pia, nao watoto ndio wa kwanza kuumia.

Kati ya adui za mihogo yuko mmoja ambaye wakulima wengi hawajapata kumwona. Ni mdogo sana: watatu wakipangwa kwa mstari, urefu wao ni kama milimita 1 tu. Watu huona majani ya juu yamepauka na kukunjamana, wakasema, “Jua limeunguza,” au, “Udongo umechoka,” au, “Jirani ameniroga.” Jua peke yake halifanyi hivyo, wala jirani hana kosa. Huyo ni utitiri wa kijani.

Tena wako wengine wanaojua ya kuwa ni mdudu, nao hukimbilia kununua dawa ya kunyunyiza. Hao hukosea kwa njia nyingine. Juu ya muhogo ule ule wanaweza kukaa utitiri wa jamii mbili: jamii moja hula muhogo, na ya pili humla adui wa muhogo. Asiyejua kuzitenga jamii hizi humwua mlinzi wake pamoja na mwizi. Kuzitenga ndilo somo letu.

2. Utitiri ni kiumbe gani

Nzige, mchwa na inzi wana miguu 6. Sasa mtazame buibui, kisha nge, kisha kupe aliyeshiba juu ya ng'ombe. Hesabu miguu yao: ni 8. Utitiri yuko katika kundi hilo la miguu 8. Hana mabawa, wala hana zile pembe nyembamba za kupapasia alizo nazo mchwa. Mwili wake ni kama mfuko mmoja, haukukatwa kiunoni kama wa siafu.

Lakini mtoto wa utitiri akitoka katika yai ana miguu 6 tu. Miguu miwili ya mwisho huja baadaye, akiisha kujivua ngozi mara ya kwanza. Ndivyo ilivyo kwa mtoto wa kupe pia.

Wenye elimu ya viumbe huwapanga wanyama kama sisi tunavyopanga watu: kabila, ukoo, nyumba, kisha mtu na jina lake. Kila aina hupewa jina la maneno mawili katika Kilatini, ili mtu wa Kongo, wa Brazili na wa Uingereza wote wajue ni mdudu gani anayesemwa. Neno la kwanza ni la nyumba, la pili ni la aina yenyewe. Utitiri wa kijani wa mihogo huitwa Mononychellus tanajoa. Nyumba kadha wa kadha zikiunganishwa hufanya jamii moja. Jamii tunazozitaka hapa ni mbili: tetranikidi na fitoseidi.

3. Jamii ya tetranikidi: wanyonyaji wa majani

Jamii hii ina aina zaidi ya 1,200 duniani, na zote hula mimea. Mdomo wao una sindano mbili nyembamba. Utitiri huzichoma ndani ya jani, akanyonya maji yake pamoja na ile rangi ya kijani ambayo kwayo jani hupika chakula cha mmea kwa nguvu ya jua. Kila mahali palipochomwa hubaki doa dogo jeupe au la manjano. Doa moja si kitu. Madoa elfu ni njaa kwa mmea, maana jani limekosa chombo cha kupikia.

Wengi wa jamii hii hutoa nyuzi kama buibui. Ndugu za utitiri wa kijani ni hawa:

Tetranychus urticae hukaa chini ya majani ya maharagwe na mimea mingine mingi.

Tetranychus evansi hufuma nyuzi nyingi juu ya nyanya mpaka mmea ukakauka.

Oligonychus coffeae hula majani ya chai na kahawa, naye hupenda upande wa juu wa jani.

Oligonychus gossypii ni mwekundu, naye hukaa juu ya majani ya muhogo yaliyokomaa.

Ona basi ya kuwa rangi, mahali pa kukaa na mmea wa kula hutofautiana, lakini tabia ya jamii ni moja: wote ni wanyonyaji wa mimea.

4. Maisha ya utitiri wa kijani

Huyu wetu hupenda majani machanga ya juu, naye hukaa hasa chini ya jani. Jike hutaga mayai yake hapo. Kwa joto la nchi za chini kama Walikale, yai huanguliwa baada ya siku chache. Mtoto wa miguu 6 hula, akapumzika, akajivua ngozi. Kisha hupita hatua mbili za ujana mwenye miguu 8, na mwisho huwa mzima. Tangu yai mpaka utu uzima ni kama majuma mawili. Katika baridi ya milima ya Masisi mambo haya huenda polepole zaidi.

Jike asiyepata dume hutaga pia, lakini mayai yake huzaa madume tu. Akipata dume, huzaa majike na madume. Kwa hiyo jike mmoja aliyekwisha kupandwa, akichukuliwa na upepo mpaka shamba jipya, aweza kuanzisha kijiji kizima peke yake.

Fanyeni hesabu kidogo. Jike mmoja ataga mayai 60, na nusu yake ni majike, yaani 30. Hao 30 nao wakitaga 60 kila mmoja, mayai ni 1,800, na mwezi mmoja tu ndio umepita. Kweli wengi hufa kabla ya kuzaa. Lakini hesabu hii yaonyesha kwa nini shamba lililokuwa zuri mwanzo wa kiangazi huonekana limeungua katikati yake.

Mvua kubwa huwaosha utitiri majanini na kuwaangusha. Kwa hiyo misitu ya Walikale yenye mvua nyingi ina msaada ambao nchi kavu hazina. Hatari ni miezi ya mvua kidogo, nayo ni Juni mpaka Agosti, na tena Januari na Februari. Wakati huo majani mapya hutoka madogo, yamepinda, na rangi yake imekufa. Yakishambuliwa sana huanguka, na shina hubaki wazi juu kama kinara cha mshumaa. Mvua zikirudi, muhogo huchipuka tena. Lakini ili kuchipuka hutumia chakula ulichoweka katika mizizi, nawe wakati wa kuvuna utakuta mizizi myembamba. Hasara yaweza kupita theluthi ya mavuno, na mahali pakavu penye aina dhaifu imepita nusu.

5. Safari ya adui

Muhogo si mmea wa Afrika tangu asili. Wareno waliuleta kutoka Brazili mpaka pwani ya Kongo katika miaka ya 1500, nao ukapita kutoka mkono hata mkono mpaka ukafika kwetu. Muhogo ulikuja, lakini utitiri wake wa kijani alibaki kwao. Kwa muda wa miaka mia nyingi babu zetu walilima mihogo bila kumjua.

Huko Brazili Gregório Bondar alimwandika na kumpa jina mwaka 1938. Mwaka 1960 wataalamu wawili, Baker na Pritchard, walichapa kitabu kikubwa cha jamii ya tetranikidi katika Afrika; huyu hakuwamo. Mwaka 1971 akaonekana Uganda, naye Z. M. Nyiira akaandika habari zake mwaka 1972. Kwa kuwa vitabu vya kupanga viumbe vilikuwapo, ilikuwa wazi ya kuwa huyu ni mgeni aliyetoka ng'ambo. Baada ya miaka kama 15 alikuwa amekwisha kuenea karibu katika nchi zote za Afrika zilimazo mihogo.

Alisafiri kwa njia mbili. Ya kwanza ni upepo: utitiri huenda ukingoni mwa jani, akaachilia, akachukuliwa. Ya pili ni sisi wenyewe. Mtu akihama au akirudi kutoka makimbilio, akibeba mzigo wa miti ya muhogo ya kupanda, hubeba na utitiri waliojificha katika vichipukizi vyake. Hakuna mtu wa kulaumiwa kwa hilo, maana aliyefukuzwa kwake lazima abebe mbegu. Lakini akijua, aweza kuisafisha kabla ya kuipanda.

6. Jamii ya fitoseidi: walinzi

Kwa nini huko Brazili mihogo haikuangamizwa? Kwa sababu huko utitiri wa kijani ana wenye kumla, na walio wakuu kati yao ni wa jamii ya fitoseidi. Jamii hii ina aina zaidi ya 2,000. Wengi wao hula utitiri wengine. Wengine hula pia unga wa maua.

Hapa ndipo elimu ya koo inapostaajabisha. Fitoseidi na tetranikidi hukaa juu ya jani moja na unene wao ni karibu sawa, lakini si ndugu wa karibu. Mlinzi huyu yuko upande wa ukoo mmoja na kupe wa ng'ombe wenu wa Masisi. Utitiri wa kijani yuko upande wa ukoo mwingine, pamoja na mdudu wa upele wa watu. Basi ujamaa hauonyeshi wema wala ubaya. Kupe ni mwizi wa damu, na jamaa yake ni mlinzi wa shamba. Kila jamii iangaliwe kwa matendo yake.

Hata Afrika wako fitoseidi wa asili. Mwaka 1962 Pritchard na Baker walitoa kitabu cha jamii hii katika Afrika ya Kati. Mmoja aitwaye Euseius fustis huonekana sana juu ya mihogo ya Afrika. Lakini hawa wa asili hawakuzoea kumfuata mgeni, wala hawakutosha kumzuia.

Kwa hiyo wataalamu wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto, iitwayo IITA, walikwenda kumtafuta mlinzi kule kule alikotoka adui. Mwaka 1993 waliachia katika mashamba ya Benin mmoja aliyetoka Brazili, jina lake Typhlodromalus aripo. Tumwite aripo. Alikaa, akazaa, akaenea mwenyewe, naye akapelekwa katika nchi nyingine nyingi za Afrika. Katika mashamba ya Benin yaliyopimwa, utitiri wa kijani walipungua sana na mavuno ya mizizi yaliongezeka kwa kama theluthi moja. Wakulima hawakulipa kitu.

Tabia ya aripo yafaa kujulikana. Mchana hukaa ndani ya ncha ya muhogo, katikati ya yale majani madogo yasiyofunguka. Usiku hutoka, akashuka kwenye majani machanga kuwinda utitiri wa kijani. Wakipungua, hafi mara moja: hula unga wa maua, kama ule wa mahindi, na utomvu mdogo wa muhogo wenyewe. Ndiyo maana hudumu shambani akingoja adui arudi. Tena hupenda ncha zenye nywele nyingi. Penye ncha isiyo na nywele hukaa kwa shida.

7. Namna ya kuwatambua

Chukua sahani au karatasi nyeupe. Shika jani changa lenye madoa, ligonge juu ya karatasi mara tano. Ngoja kidogo, kisha tazama. Ukiwa na kioo cha kukuza ni vizuri zaidi, lakini kijana mwenye macho mazuri ataona bila kioo.

Akiwa ni wa rangi ya kijani au ya manjano, mwili mviringo, naye aenda polepole, huyo ni utitiri wa kijani.

Akiwa mweupe au wa rangi ya siagi, mwili waking'aa, umbo lake kama tone la maji, naye akimbia upesi, simama, akimbia tena, huyo ni wa jamii ya walinzi.

Kumbuka neno moja: mla majani hana haraka, maana chakula chake hakikimbii. Mwindaji ana mbio.

Kisha fungua ncha za mihogo 10 asubuhi, taratibu, bila kuzikata. Ukiona wenye mbio ndani yake, shamba lako lina walinzi.

8. Usichanganye na magonjwa mengine

Ugonjwa wa batobato hutia mabaka makubwa ya manjano na kijani, na jani hupinda tangu linapotoka. Huo huletwa na inzi mdogo mweupe na kwa miti ya kupanda yenye ugonjwa, wala mvua haiuondoi. Mmea wa namna hiyo usichukuliwe mbegu.

Kidung'ata wa mihogo, aliyeingia Afrika katika nchi za Kongo karibu na mwaka 1973, huonekana kwa macho. Ana unga mweupe kama uliomwagwa, na majani ya ncha hujikunja pamoja kama kabeji.

Utitiri hufanya madoa madogo mengi kama ya kuchomwa kwa sindano, na mvua ikinyesha vizuri majani mapya hutoka safi.

9. Kazi ya mkulima

Kwanza, panda mapema mvua zinapoanza. Muhogo ulioshika mizizi na kupata majani mengi kabla ya kiangazi huvumilia kuliko mdogo.

Pili, chagua miti ya kupanda katika mihogo yenye afya iliyokomaa. Tumia sehemu ya katikati ya shina, uondoe majani yote. Kama imetoka mbali, changanya maji yanayochemka na maji baridi kwa kipimo kilicho sawa, utie vipande humo kwa dakika 5 mpaka 10, kisha upande mara moja. Hivyo utitiri na kidung'ata waliojificha watakufa.

Tatu, ukipata aina mbalimbali, panda pia ile yenye nywele katika ncha. Hiyo ni nyumba ya mlinzi.

Nne, angalia uchumaji wa sombe. Aripo hukaa katika ncha. Anayekata ncha zote za shamba ili kuuza sombe machimboni amebomoa nyumba zote kwa siku moja. Chuma safu moja, acha ya pili, na wakati wa kiangazi chuma kidogo.

Tano, shamba likiwa na walinzi na la jirani halina, saidianeni. Kateni ncha chache zenye wenye mbio, mzipeleke siku ile ile, mzibane katika matawi ya juu ya mihogo ya jirani. Ncha ikinyauka, mlinzi atahama mwenyewe. Lakini msitoe ncha katika shamba lenye batobato wala kidung'ata.

Sita, usinyunyize dawa. Dawa nyingi huua walinzi upesi, na utitiri wanaobaki huzaa bila kuzuiwa. Hayo yalionekana katika nchi nyingi baada ya miaka ya 1940, watu walipoanza kumwaga DDT: wadudu wengine walikufa, lakini utitiri wa mimea waliongezeka kuliko zamani. Tena dawa ya kupe wa ng'ombe isimwagwe kabisa juu ya mihogo. Sombe huchumwa leo na kuliwa leo, na sumu hiyo itaingia katika chungu cha watoto.

Saba, usitazamie ya kuwa utitiri wa kijani wataisha wote. Mlinzi asipopata chakula huondoka. Wachache wa adui na wachache wa walinzi, ndivyo shamba linavyokaa salama.

10. Maulizo

1. Utitiri mzima ana miguu mingapi? Mtoto wake je?
2. Jamii ya tetranikidi hula nini? Na jamii ya fitoseidi?
3. Kwa nini wataalamu walijua ya kuwa utitiri wa kijani ni mgeni katika Afrika?
4. Mchana aripo hukaa wapi, na usiku hufanya nini?
5. Umegonga jani juu ya karatasi, ukaona wanne wa kijani waendao polepole na mmoja mweupe akimbiaye. Jirani akushauri kununua dawa. Utamjibu nini?

Kazi: Juma hili kila mmoja afungue ncha 10 katika shamba lake, aandike amekuta wenye mbio katika ngapi. Mkutano ujao mlete hesabu zenu, mzilinganishe, mkubaliane ni shamba la nani litakalotoa walinzi na la nani litakalopokea.